Mabati ya Futi Kumi na Sita

Hadithi hii imepita mikononi mwa wengi kabla ya kukufikia wewe. Isome mpaka mwisho, halafu mpelekee mtu mmoja unayemjua ambaye yuko kwenye kamati.

Katika kijiji kimoja cha milimani, kule ambako kila nyumba ina mashina ya kahawa na kila njia ama inapanda ama inateremka, aliishi mama mmoja aitwaye Gaudensia. Watu walimwita Mama Digna, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mwanamke pekee katika kamati ya ujenzi wa zahanati. Kwa sababu hiyo, na bila mtu yeyote kupiga kura, akawa pia mpika chai wa kamati.

Zahanati yao ilikosa kitu kimoja, nacho ni chumba cha kujifungulia. Mwanamke akishikwa na uchungu ilibidi avuke mto aende hospitali ya ng'ambo. Kiangazi, mto ule hata mbuzi aliuvuka. Masika, hakuna aliyeuvuka. Mwaka mmoja kabla ya habari hii, jirani yake Oresta alijifungulia kwenye ukingo wa huku, chini ya mwavuli ulioshikwa na dereva wa bodaboda aliyekuwa amefumba macho kwa haya.

Baada ya hapo kijiji kiliamka. Kila nyumba ilitoa debe la kahawa. Kuta zikapanda, sakafu ikasakafiwa, kenchi za paa zikapigwa. Muuguzi wa wakati ule, Sista Valeria, akaagiza mabati kiwandani. Kabla mabati hayajafika, yeye mwenyewe akahamishiwa mkoa mwingine, akaletwa muuguzi kijana ambaye alikuwa bado anajifunza njia za kijiji.

Siku mabati yalipofika, Digna alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima kila alasiri, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa.

"Wiki tatu," Gaudensia alimwambia binti yake. "Mafundi wakifanya kazi, wiki moja inatosha. Utajifungulia hapa hapa, mwanangu. Nitakuletea uji ungali wa moto."

Hakuwa amehesabu kamati.

Mabati yalikuwa ishirini na manne, mapya, ya rangi ya damu ya mzee, yanang'aa mpaka unajiona uso. Wanawake walipiga vigelegele. Fundi Osmund, aliyejifunza kazi mjini, akatoa futi kamba mfukoni. Akapima paa. Akapima bati. Akapima bati mara ya pili, kisha akacheka kwa pua.

"Wamekosea kiwandani," alisema. "Paa hili linataka futi kumi na moja. Haya ni ya futi kumi na sita. Futi tano nzima zimezidi."

"Mbona hata karatasi ya mzigo imeandikwa kumi na sita?" Gaudensia aliuliza.

"Basi wamekosea mpaka kwenye karatasi, mama."

Watu wakatikisa vichwa kuwasikitikia watu wa kiwandani. Tangu dakika ile kijiji kizima kilibaki na swali moja tu: mabati haya yakatwe kwa chombo gani?

Kikao cha kwanza kilifanyika katika ofisi ya kijiji. Ofisi ile ilikuwa na meza moja iliyojaa madoa ya wino na vibanzi vya mbao. Ili wazee wasichomwe na vibanzi, Gaudensia alikuwa ameitandika karatasi kubwa nyeupe aliyoikuta imeviringishwa kabatini, akaibana pini kwenye pembe nne. Juu ya karatasi ile aliweka sinia, chupa ya chai na vikombe sita. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

"Mimi nina grinda," alisema fundi Osmund. "Nawasha jenereta, nagusa bati, limekatika. Mabati yote haya nayamaliza kabla hamjamaliza chai."

"Na utayachoma," alisema fundi Ansgar.

Fundi Ansgar alikuwa mtu mzima, mnene wa vidole, mchache wa maneno. Kiunoni alining'iniza mkasi wa bati aliorithi kwa baba yake, ambaye aliezeka kanisa la misheni. Wengine walisema Ansgar hulala nao.

"Grinda inatoa moto," aliendelea. "Moto unababua rangi pembeni. Zile cheche zikitua juu ya bati, kila cheche ni kidonda cha kutu. Bati hukatwa na mkasi."

"Mkasi huo huo wa kanisa? Kanisa lenyewe linavuja."

"Linavuja kwa sababu mlipanda juu kufunga spika."

Mwenyekiti, Mzee Ndunguru, akainua mkono kuwanyamazisha. "Vijana, mnabishania vitu vya kununua. Babu zetu walikata bati kwa panga na nyundo. Unaweka bati juu ya gogo, unasimamisha panga, unagonga. Basi."

"Babu zetu waliezeka nyasi, Mwenyekiti," Gaudensia alisema huku akimimina chai.

Watu wakacheka, Mwenyekiti akacheka pia, na kikao kikaahirishwa mpaka Ijumaa.

Ijumaa walizungumza maneno yale yale, ila Osmund alikuja na grinda yenyewe na kuiweka mezani karibu na sukari. Ansgar naye akaufungua mkasi wake mkandani, akauweka upande wa pili. Mwenyekiti alituma mtu aende nyumbani kwake kuleta panga. Gaudensia akakosa mahali pa kuweka sinia, akalishikilia mkononi kikao kizima.

Kikao cha tatu, mjumbe mmoja alipendekeza iundwe kamati ndogo ikatazame mapaa ya kijiji jirani. Kamati ndogo ilikwenda, ikala kuku, ikarudi. Taarifa yake ilisema kwamba mapaa ya kijiji jirani yapo.

"Yapo vipi?" Gaudensia aliuliza.

"Yapo juu ya nyumba," alijibu mjumbe, bila mzaha wowote.

Jioni ile alirudi nyumbani akakuta Digna amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba, anachambua mbegu za maharage.

"Wamekubaliana, mama?"

"Wamekubaliana kukutana."

Digna alicheka mpaka akashika tumbo. Gaudensia hakucheka. Aliangalia mlimani, akaona wingu limeshuka hatua moja zaidi.

Kikao cha nne alijitahidi kutumia akili. "Kwa nini tusimpigie simu Sista Valeria? Yeye ndiye aliyeagiza. Labda anajua habari za vipimo hivi."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Mama Digna, kamati nzima impigie simu mtu aliyekwisha kuhama, kumuuliza habari za bati? Atasema tangu aondoke hatujui hata kuezeka. Watatuonaje huko aliko?"

"Watatuona tunauliza."

"Ndiyo hiyo nasema."

Wajumbe wakaguna kukubaliana na Mwenyekiti, na Gaudensia akakaa. Ukweli usemwe, hakulishikilia sana lile neno. Naye hakupenda Sista Valeria aone kijiji kimekwama. Tena alikuwa na kinyongo kidogo. Zamani, siku ile alipoloweshwa na mvua akimngojea Oresta apimwe, alimlalamikia yule muuguzi kwa maneno marefu, na muuguzi aliitikia tu, "Nimekusikia, Mama Digna," kisha akageukia kazi zake. Gaudensia alikuwa amejifunza kwamba katika dunia hii mtu akikwambia amekusikia, ujue yamekwisha.

Kikao cha sita ndicho kilichomkatisha subira. Osmund na Ansgar walikuwa wamefika mahali pa kutoitana tena majina. Mmoja alimwita mwenzake "Bwana Cheche". Mwenzake akamwita "Bwana Mkasi wa Marehemu". Gaudensia alilitua sinia mezani hata vikombe vikaruka.

"Nisikilizeni," alisema. "Kesho asubuhi, kila mmoja akate bati moja. Moja kwa grinda, moja kwa mkasi, moja kwa panga. Tuyalaze nje juu ya mawe wiki nzima, umande uyapige. Bati litakaloshinda, chombo chake ndicho. Na mimi sitapika chai nyingine ya mabishano."

Kwa mara ya kwanza tangu mabati yafike, kamati nzima ilikubaliana. Gaudensia alirudi nyumbani kichwa juu. Alimwambia Digna kwamba wanaume wanahitaji tu mtu wa kuwakatia shauri.

Asubuhi yake kijiji kilijaa uwanjani. Fundi Osmund akawasha jenereta. Grinda ikalia kama nguruwe anayechinjwa, cheche zikaruka, na bati lake likawa vipande viwili kabla mbwa hawajamaliza kukimbia. Fundi Ansgar alipiga goti akaanza kukata, wimbi moja, wimbi la pili, ulimi umetoka nje kidogo. Alimaliza wakati wa chakula cha mchana, kiganja kina malengelenge. Mwenyekiti alivua koti na kugonga panga kwa nyundo. Mapigo arobaini, mapumziko, mapigo arobaini. Kwa heshima ya umri wake watu walimngojea.

Mabati matatu yakalazwa juu ya mawe, umande ukafanya kazi yake.

Baada ya wiki, kamati ikasimama mbele ya mawe. Bati la Mwenyekiti lilikuwa limejikunja pembeni kama masikio ya mbwa. Bati la Ansgar halikuwa na kutu hata chembe, ila mkato wake ulikwenda huku na huku kama njia ya ng'ombe. Bati la Osmund mkato wake ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari, lakini ukingo wote ulikuwa na utepe wa wekundu.

"Hiyo kutu," alisema Ansgar.

"Hiyo rangi," alisema Osmund. "Bati si la damu ya mzee? Mlitaka liwe na rangi gani?"

Gaudensia alipitisha kidole kwenye ukingo, akakiinua mbele ya macho ya Osmund. Kilikuwa na unga mwekundu.

"Basi ni kutu ya rangi," alisema Osmund.

Ungedhani shauri limekwisha. Mkasi umeshinda, Ansgar akate. Lakini Ansgar alionyesha kiganja chake na kusema mabati ishirini na moja yatamchukua mwezi. Ilipopendekezwa Osmund amsaidie kwa mkasi, Osmund alikataa. Kwa mafundi wa pale, kushika chombo cha mwenzako mbele ya watu ni sawa na kumwamkia shikamoo. Ilipopendekezwa Ansgar akate, Osmund aezeke, napo ilishindikana.

"Nikiezeka bati alilokata mwingine," alisema Osmund, "likivuja, watu watasema Osmund. Hawatasema mkasi."

"Na mimi nikikata," alisema Ansgar, "akapigilia yeye vibaya, watasema Ansgar alikata vibaya."

"Basi tukae Jumanne," alisema Mwenyekiti, "tuzungumze kwa utulivu."

Gaudensia aliondoka bila kuaga. Njiani alikuwa akisema peke yake, kwa sauti, na waliopishana naye walidhani anazungumza kwenye simu. Alikuwa anasema, "Hawasikii. Ukisema hawasikii, ukinyamaza hawasikii. Nani katika kijiji hiki aliwahi kumsikia mtu?"

Jumanne hakutaka kwenda. Digna ndiye aliyemhimiza.

"Nenda, mama. Usipokwenda wataunda kamati ndogo ya kukutafuta."

Hivyo akaenda, akapika chai aliyoapa hataipika, akaliweka sinia mezani juu ya ile karatasi nyeupe. Mafundi wawili walikaa wamepeana migongo. Mwenyekiti akasafisha koo. Ndipo mvua ilipofika.

Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote pamoja, kama mtu aliyepindua pipa. Juu ya bati la ofisi ikawa kelele tupu, Mwenyekiti anafungua mdomo na hakuna kinachosikika. Watu walitazamana. Kila mmoja alijua maana yake. Mvua kama hii siku mbili, na mto unafungwa.

Na ofisi ya kijiji, ofisi ile ile yenye mafundi wawili ndani yake, ikaanza kuvuja.

Tone la kwanza liliangukia kwenye sukari. La pili kwenye kumbukumbu za kikao. Kisha ukaja mchirizi mwembamba moja kwa moja katikati ya meza. Gaudensia alihamisha sinia, akatoa kitambaa begani afute. Alipofuta, aliona kitu ambacho hakukipenda.

Pale karatasi ilipolowa, mistari ilikuwa inatokea.

Alidhani ni uchafu wa meza. Akafuta tena. Mistari ikazidi, ya bluu, imenyooka, inakutana kwenye pembe. Kilionekana kitu kama nyumba. Pembeni yake palikuwa na maandishi yaliyopinduka, kama unayasoma kwenye kioo.

Gaudensia akang'oa pini ya kwanza. Akang'oa ya pili. Mwenyekiti alimpigia ishara aiache meza, yeye akang'oa ya tatu na ya nne, akaipindua karatasi.

Ulikuwa mchoro wa chumba cha kujifungulia, umechorwa kwa rula na kalamu nzito, kwa mwandiko wa Sista Valeria. Chumba kile kile, mlango ule ule. Lakini paa halikuishia ukutani. Liliendelea mbele futi tano, likapumzika juu ya nguzo sita, na chini yake palichorwa benchi refu. Juu ya paa paliandikwa: *Bati futi 16, zisikatwe.* Na chini ya benchi, kwa herufi ndogo: *Baraza la wanaosubiri. Ombi la Mama Digna, aliyeloweshwa na mvua.*

Mvua ilipungua kidogo. Mchoro ulipita mkono kwa mkono. Osmund aliusoma mara mbili kama alivyopima bati mara mbili.

"Basi hawakukosea kiwandani," alisema.

"Umekuwa hapa siku zote?" Mwenyekiti aliuliza. "Huu mchoro?"

"Chini ya chai," alisema Ansgar.

Wote walimgeukia Gaudensia, kisha kwa adabu wakatazama pembeni. Naye alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Alikumbuka siku ile alipoikuta karatasi kabatini. Aliona upande mmoja umechorwachorwa, akatandika ule uliokuwa safi juu, kwa sababu alitaka meza ipendeze. Wiki tatu alikuwa amewakasirikia watu wazima wasiosikia, na wiki tatu alikuwa akiweka vikombe juu ya sikio lililomsikia.

"Twendeni tukaezeke," alisema taratibu.

Hakuna aliyeuliza kwa chombo gani. Kupigilia misumari kunahitaji nyundo, na nyundo kila mtu anayo.

Jumatano vijana walikata nguzo sita za miti ya mlingoti, Osmund na Ansgar wakatandaza boriti za baraza. Alhamisi na Ijumaa waliezeka, wakishuka mvua ikija na kupanda ikikatika. Mmoja alishika bati, mwingine alipigilia. Likivuja, jina lilikuwa la wote wawili. Mabati ishirini na moja yalikwenda juu mazima, yakatoka ukutani yakafika kwenye nguzo kana kwamba yamezaliwa hapo.

Yakabaki yale matatu.

Yalitosha kufunika chumba, lakini hayakufika kwenye baraza. Wakatafuta vipande vilivyokatwa ili waungie. Kimoja kilikuwa kimekuwa paa la banda la kuku la Mwenyekiti, kimetobolewa misumari kumi na minane. Cha pili kilikuwa mlango wa choo cha ofisi, na kilikuwa kimekatwa tena ili kitoshe. Cha tatu hakuna aliyekiri kukiona. Hivyo mwisho wa baraza, upande wa mto, kukabaki upenyo wa upana wa mabati matatu, unaona mawingu.

Jumapili, watu wakitoka ibada ya kwanza, Digna akashikwa na uchungu. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye mipera ya ukingoni, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Hakuna aliyeuangalia mara mbili. Digna alitembea kwa miguu yake mpaka zahanati. Alizunguka barazani chini ya paa jipya, akishika nguzo moja, akipumzika, akishika nyingine, mpaka yule muuguzi kijana alipomwambia, "Sasa ingia, dada."

Mvua ikaanza tena. Wanawake wa kijiji walikuja wote, kama kawaida yao. Wengine walileta uji, wengine maji ya moto, na wengine hawakuleta kitu ila masikio. Benchi likajaa, sakafu ya baraza ikajaa. Oresta alikuwa pale na mtoto wake mgongoni, yule wa mwavuli. Gaudensia alichelewa kwa sababu alirudi kuchukua kanga. Alipofika, mahali palipobaki pa kusimama palikuwa pale tu, chini ya upenyo.

Akasimama hapo. Maji yakamwagika kichwani, yakapita mabegani, yakaingia kwenye viatu.

"Mama Digna," Oresta alimwita, "sogea huku tubanane. Unalowa."

"Niacheni," alisema Gaudensia. "Hapa nilikata mwenyewe."

Wanawake walianza kucheka, kisha wakanyamaza ghafla, kwa sababu ndani ya chumba, chini ya bati lisilovuja, mtoto alikuwa amelia.

Funzo: Kabla hujabishania chombo cha kukatia, uliza kwanza nani alipima na kwa nini, huenda unachokiona kimezidi ni ombi lako mwenyewe lililokwisha kusikiwa.